Mwenye Ndoo wa Keruvai

Hekalu la Keruvai limechongwa ndani ya jiwe
linalozunguka majua mawili, moja jekundu, moja jeupe,
na yote mawili hayajawahi kulipasha joto.
Waasisi walitaka hivyo hivyo.

Mimi ni Orvesh. Nadeki.
Mwaka wa thelathini na mmoja huu, ukumbi wa mazoezi,
kila kengele ya nne, wanafunzi wakishalala.

Panga zao ni za barafu.
Huikata ubavuni mwa nyota mkia ipitapo,
kamba kiunoni, pumzi chache mtungini,
kisha kila mmoja huchonga wa kwake kimyakimya
hadi makali yapasue unywele.
Halafu hufundishwa jambo moja tu,
jepesi kulisema:
mkono wenye hasira una joto.
Ukikasirika, upanga unakulilia kiganjani,
tone, tone, mara mfereji,
mara umesimama mbele ya adui
umeshika kipini na maji.

Ndiyo maana nawajua kuliko walimu wao.
Walimu hutazama mikao na visigino;
mimi natazama madimbwi.
Hili dogo, la mviringo, karibu na nguzo, ni la Tavrik:
ametajiwa baba yake tena.
Mchirizi huu mrefu kuelekea mlangoni
ni wa pacha wa Yumeshi, yule anayecheka sana.
Na pale pakavu, pakavu mwaka mzima,
anaposimama Belkoro,
pale ndipo ninapopaogopa.
Mtu asiyedondosha hata tone
huenda hana hasira. Huenda hana mtu.

Sijasema nilivyoishika ndoo.
Niliwahi kuwa na upanga. Siku tatu.
Ukaja ujumbe kutoka migodi ya Dolmesh,
mistari miwili, jina la dada yangu limekosewa herufi,
na kabla sijamaliza kusoma
viatu vyangu vilikuwa vimelowa.
Hakuna aliyenifukuza.
Mtawa Mkuu Iskuna alinipa tambara,
akasema, "Anza hapo uliposimama."

Sasa wamekuja Wavuna-Jua, manowari arobaini,
wanalitaka jua letu jeupe.
Wana mikataba. Wana ndoano.

Usiku ule nilipita ushorobani
nikakuta maji chini ya mlango wake.
Si tone. Maji yaliyotembea,
yakavuka kizingiti, yakafuata ufa wa sakafu
hadi ngazi ya tatu.
Yeye, ambaye kwa miaka sitini
upanga wake haukutoa hata jasho.

Nikapiga magoti. Nikadeki.
Nikakamua tambara polepole lisitoe sauti.
Ndani nilisikia mtu akivuta pumzi
kama anayehesabu, akikosea, akianza upya.

Asubuhi alitoka, kipini kimefichwa
ndani ya mkono wa joho,
nyuma yake wanafunzi mia na tisa,
panga zao zikimetameta, kavu.
Aliponifikia alisimama.
Akaitazama ndoo, kisha viganja vyangu vyekundu kwa baridi.
"Yalikuwa mengi?"
"Nimeshaona mengi zaidi," nikasema.
Sijawahi.
Akatabasamu upande mmoja wa mdomo
akaenda vitani mikono mitupu,
na kati ya wote waliomfuata
hakuna aliyejua.

Kengele ya nne imelia.
Ukumbi ni mkavu, hakuna wa kuulowesha,
nami nadeki tu, kwa sababu ni saa yake.
Juu ya paa kuna mimweko, mingine myeupe,
mingine siipendi rangi yake.

Yale maji sikuyamwaga.
Niliyaweka dirishani yakaganda,
yana umbo la ndoo, yana uzi mmoja wa tambara katikati.
Nimeazima patasi jikoni.
Mkono wangu, nimeupima shavuni,
bado una joto kidogo.
Nangoja.